Ulimi wa Mpira

Mkate alirudi anaisukuma pikipiki, na kabla hajafika mlangoni nilishajua leo hatutasalimiana.

"Plagi!" aliita tangu barabarani. "Toka nje! Njoo uone kazi ya mikono yako!"

Plagi ni mimi. Wateja walinibandika jina hilo kwa sababu nikiguswa kidogo nawaka, na sijawahi kulikataa. Mkate naye ni Mkate kwa sababu anasambaza mikate madukani, na asubuhi ile kreti lake la nyuma lilikuwa bado limejaa, maana yake madukani hakufika. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Mvuke ulikuwa unatoka chini ya tangi la pikipiki, na maji ya rejeta yalikuwa yanadondoka ardhini.

"Imechemka tena!" akanipigia kelele usoni. "Wewe ni fundi au mchawi?"

"Ningekuwa mchawi ningeanza na mdomo wako," nikamwambia. "Iegeshe hapo, na usiguse mfuniko wa rejeta, utaungua."

"Kuungua nimeshaungua!"

Nyuma yangu kaka akacheka. Kaka yangu ana kicheko cha puani ambacho amekitunza kwa ajili yangu peke yangu tangu tukiwa watoto. Alikuwa ameegemea meza ya jiliwa, ile ya kubania vyuma, anajifuta mikono kwa kitambaa, nadhifu kama bwana harusi.

"Mimi nilishasema," akasema, akipaza sauti ili baba asikie. "Rejeta si kazi ya kila mtu."

Baba alikuwa mlangoni kwenye kiti chake alichokiunda kwa matairi chakavu, kisu mkononi, kipande cha mpira mapajani. Hakugeuka. "Macho sina," akasema, "lakini masikio ninayo. Nimesikia."

Nilitamani kumrushia kaka spana. Sikumrushia kwa sababu ilikuwa spana nzuri.

Niseme mapema nilichokuwa nakigombea, msije mkadhani nilikuwa na hasira za bure. Gereji ni ya baba. Amefungua na kufunga injini hapa tangu mimi sijazaliwa, mpaka mtoto wa jicho alipomziba macho yote mawili, akabaki anatambua mwanga na kivuli tu. Mwanzoni mwa wiki ile alituita, mimi na kaka, akashika ufunguo wa gereji anaouvaa shingoni kwa kamba, akasema Jumamosi ataukabidhi kwa mmoja wetu. Halafu akanigeukia mimi. "Pikipiki uliyoitengeneza wewe ikirudi tena inachemka, usisubiri hata Jumamosi. Weka spana chini, nenda dirishani ukauze taa na vioo. Kule hakuna cha kuharibu."

Kuuza taa! Mimi ninayeijua vali iliyolegea kwa sauti tu, kabla mwenye pikipiki hajazima! Nikae dirishani namsikiliza kaka anakaza nati nusunusu, si nitakufa kwa kihoro?

"Pikipiki haitoki hapa bila ulimi," hiyo ndiyo amri ya baba, na ina umri mkubwa kuliko mimi. Ulimi ni kipande cha mpira kinachoning'inia nyuma ya gurudumu la mbele, chini ya madigadi, ili matope yasiirukie injini na miguu ya dereva. Baba anaukata mwenyewe kutoka tyubu za malori, na juu yake anashona herufi nyeupe alizozikata kwenye madumu ya plastiki: HARAKA YA NINI. Mtu akiuona ulimi huo anajua pikipiki imetoka kwetu. Tangu macho yamwishe anakata kwa kupapasa, na kwa kuwa vidole vinataka herufi kubwa, herufi zimekua, na ndimi nazo zimepanuka mpaka zinakaribia kuwa aproni. Ulimi unafungwa mwisho kabisa, pikipiki ikishajaribiwa barabarani, na baba anakuja getini kupapasa mafundo mwenyewe. Pikipiki ikirudi kwa matengenezo, ulimi ndio kitu cha kwanza kuvuliwa, maana unakuzibia kazi.

Na kaka alikuwa na njia zake za kupendwa. Akimaliza pikipiki humsindikiza mteja mpaka kona, na baba humsifu. "Huyo ana adabu. Wewe mteja akiwasha tu umeshamgeuzia mgongo." Mvua zilipokuja na uwanja wa nyuma ukawa tope tupu, kaka akamtandikia baba njia ya mpira mweusi kutoka kwenye kiti chake mpaka chooni, ikapigiliwa misumari, laini chini ya nyayo, ili mzee ajiendee mwenyewe bila kushikwa mkono. Siku hiyo baba alitokwa na machozi. "Mwanangu ananiona," akasema, "ingawa mimi simwoni." Mimi niliyekuwa namshika mkono kila siku nikaambiwa kumbe nilikuwa namvuta kama mbuzi.

Haya. Nikauvua ulimi wa pikipiki ya Mkate, nikautupa pembeni, nikangoja injini ipoe. Mkate akalishusha kreti lake, akakaa juu yake, ananitazama kama polisi anavyomtazama mwizi.

Nilichokuwa sikielewi ni hiki: pikipiki ile nilikuwa nimeshaipekua yote. Mfuniko wa rejeta nilibadilisha. Themostati, kale kalango kanakofunguka maji yakipata moto ili yaende kwenye rejeta, niliitoa nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka, ikafunguka mbele ya macho yangu. Pampu ya maji ilikuwa nzima. Oili ilikuwa safi, haijachanganyika na maji, kwa hiyo gasketi nayo nzima. Hewa niliitoa, gurudumu la mbele juu ya tofali, mfuniko wazi, injini inaunguruma mpaka povu lote likaisha. Nilifanya yote hayo, na nikayarudia asubuhi ile tena, kimoja baada ya kingine, huku kaka anapita nyuma yangu.

"Itoe hiyo themostati uitupe," akasema. "Joto lote hili, themostati ya nini?"

"Ukiona mlango unafunguka na kufungwa vizuri, unaung'oa?"

"Zangu hazichemki."

Hilo ndilo lililokuwa linaniuma. Pikipiki zake za rejeta hazikurudi. Zangu zilirudi. Spana zile zile, maji yale yale, baba yule yule aliyetufundisha wote wawili.

Nikaiwasha. Joto likapanda, feni ikajiwasha, joto likashuka. Nikaiacha inaunguruma pale pale mpaka nikachoka mimi. Nikaipeleka barabarani nikarudi. Kimya, baridi, tabia njema kabisa.

"Unaona?" nikamwambia Mkate. "Haina kitu."

"Kwako haina kitu! Kwako inajifanya mtoto mwema. Mimi nikiondoka nayo inageuka jiko. Dada, unanitafutia nini? Mikate yangu inakauka!"

"Funga kreti, panda nyuma," nikasema. "Naendesha mimi, mpaka ichemke nikiiona. Isipochemka, utaniomba radhi mbele ya baba."

Baba akainua kichwa. "Hiyo ni nafasi yako ya mwisho, na ikichemka usirudi na maneno. Kwangu utakuja kuweka spana tu."

"Nimekubali."

Nilishaanza kuwasha kaka alipokuja mbio, ulimi mkononi, akachuchumaa mbele ya gurudumu akaufunga mwenyewe, taratibu, fundo juu ya fundo.

"Usisahau ulimi, dada," akasema huku anatabasamu. "Mzee atakasirika."

Nikamshukuru. Kweli, mimi huyu, nilimshukuru!

Mjini, kwenye foleni, pikipiki ilikaa vizuri. Tulisimama, tukatambaa, tukasimama tena, feni ikafanya kazi yake. Mkate alikuwa ananilalamikia sikioni muda wote. Tukatoka kwenye barabara ndefu iliyonyooka, ile inayopita viwandani, nikaifungulia mafuta. Haikuchukua muda. Taa nyekundu ya joto ikawaka pale kwenye mita, kisha ile harufu tamu ya maji ya rejeta ikanipiga puani.

"Haya!" Mkate akapiga kelele. "Haya, sema sasa! Sema haina kitu!"

Nikasimamisha pembeni. Nilitaka kulia, lakini mbele ya Mkate? Bora nimeze spana. Nikashuka, nikasogeza mkono karibu na mpira wa juu unaoingiza maji kwenye rejeta. Moto. Nikaenda kwenye mpira wa chini unaoyarudisha. Moto vile vile. Nikasimama hapo nikafikiri kwa mara ya kwanza siku ile, maana hasira ilikuwa hainipi nafasi ya kufikiri. Mpira wa chini ungekuwa baridi, ningesema kalango kamefungwa, au pampu imekufa, maji hayatembei. Lakini maji yanatembea. Yanatoka kwenye injini na moto wake, yanapita kwenye rejeta, yanarudi na moto wake ule ule, kama mtu aliyejitwika mzigo asiyepata pa kuutua. Kazi ya kuutua ni ya upepo. Basi upepo uko wapi? Tumekuja mbio kiasi kile, upepo umekwenda wapi?

Kwenye foleni haichemki. Mbioni inachemka. Kawaida ni kinyume chake.

Nikachuchumaa mbele. Ulimi wa baba ulikuwa unaning'inia pale, wima, mpole, HARAKA YA NINI. Nikauinua nikatazama mgongo wake, ule upande unaoelekea rejeta. Ulikuwa na chapa. Vile vijibati vyembamba vya rejeta vilikuwa vimejichora kwenye mpira, mstari kwa mstari, kama mkeka unavyojichora kwenye shavu la mtu aliyelala.

"Mungu wangu," nikasema.

"Nini?" Mkate akauliza. "Imekufa?"

Pikipiki ikisimama, ulimi unaning'inia, hauna shida. Ikikimbia, upepo unausukuma nyuma, unaukandamiza juu ya rejeta, unaifunika kama sufuria inavyofunikwa. Na mimi kila siku naujaribu mtambo kabla ya kufunga ulimi, na ukirudi kitu cha kwanza navua ulimi. Nimekuwa natafuta mwizi huku nikimfungulia mlango atoke.

Nilikata mafundo yote kwa meno na bisibisi. Tukangoja ipoe, tukajaza maji tuliyoomba kwa mlinzi wa kiwanda, tukapita barabara ile ile, mbio kuliko mwanzo, Mkate nyuma yangu anataja majina ya watoto wake mmoja mmoja. Taa haikuwaka. Tulikwenda tukarudi. Haikuwaka.

Nilicheka peke yangu barabarani kama kichaa.

"Kumbe ndiyo maana," Mkate akasema tulipopunguza mwendo.

"Ndiyo maana nini?"

"Shemeji yangu, yule wa maziwa. Yake aliitengeneza kaka yako. Anasema walipofika pale kona kaka yako akamvulia ulimi, akamwambia nenda hivi hivi, na mzee usimwambie. Mimi nikadhani ni mambo yenu ya familia."

Nilishika breki kreti likamgonga mgongoni.

Kona! Adabu ya kusindikiza wateja! Na asubuhi ile ameuchukua ulimi, ameufunga kwa mikono yake, fundo juu ya fundo, anatabasamu. Alijua. Miezi yote ile ananiona nimelala chini ya pikipiki, nachemsha themostati kwenye sufuria, natukanwa na wateja, natukanwa na baba, na yeye anajifuta mikono. Nimeshawahi kukasirika maishani, lakini hasira ya siku ile ilikuwa ya baridi. Niliendesha polepole kabisa.

Tulipoingia, baba alikuwa ndiyo anarudi kutoka chooni, nyayo zake zinatambaa juu ya njia ya mpira mweusi. Nikautazama mpira ule. Nikautazama upana wake, nikatazama vipande vilivyounganishwa kimoja baada ya kingine. Nilikuwa namuuliza Mkate njia nzima, hizo ndimi alizozivua kaka anazipeleka wapi? Jibu lilikuwa chini ya miguu ya baba.

Nilijua nikikiinua kipande kile nitamuumiza baba kuliko nitakavyomuumiza kaka. Naapa nilijua.

"Imechemka?" baba akauliza kabla sijazima.

"Imechemka."

Kaka akacheka kile kicheko.

"Basi weka spana chini."

"Nitaziweka. Kwanza simama hapo hapo ulipo, baba."

Nikachukua bisibisi mezani, nikapiga magoti miguuni kwake, nikaanza kung'oa misumari.

"Wewe!" kaka akapiga kelele, na kicheko kilikuwa kimekatika. "Unamharibia mzee njia yake! Acha!" Akaja mbio, lakini Mkate alikuwa ameshashuka, akamwekea kifua. Mkate ni mwembamba, ila siku hiyo alikuwa amejaa.

Kipande kikatoka. Nikakigeuza, nikafuta tope kwa kiganja, nikaushika mkono wa baba nikauweka juu yake. Vidole vyake vilipita kwenye herufi ya kwanza, vikasimama. Havikuhitaji ya pili.

"Huu ni wangu," akasema.

"Ni wako."

"Na unaofuata?"

"Upapase mwenyewe."

Akapiga magoti kwenye tope. Mimi nang'oa, yeye anapapasa, tukaenda hivyo, mpaka mlango wa choo. Zote zilikuwa zimelazwa kifudifudi, maneno kwenye udongo, na baba alikuwa amezikanyaga tangu mvua zianze, akimsifu aliyezitandika.

"Nani alizivua?" akauliza akiwa bado chini.

"Baba," kaka akasema, "zinaziba rejeta. Pikipiki hizi mpya zinachemka. Nisingezivua tungeua injini za watu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ndiyo kazi pekee uliyobaki nayo. Nilikuwa nakulinda."

"Ukanitandikia nizikanyage."

"Kuzitupa niliona vibaya."

"Na mimi?" nikauliza. Sauti yangu haikupanda, nikaishangaa mwenyewe. "Mimi ulikuwa unanilinda na nini? Leo umeufunga wewe, unacheka."

Kaka akakitazama kitambaa chake.

Baba akasimama, akajifuta tope kwenye suruali. "Wewe binti. Za kwako zote ulifunga?"

"Zote."

"Hukujua zinachemsha?"

"Nimejua leo."

"Yeye alijua."

"Alijua."

"Basi fundi ni yeye," baba akasema. "Wewe si fundi. Fundi hafungi kitu mbele ya rejeta bila kujiuliza, hata kama ameamriwa na baba yake."

Nimetukanwa sana kwenye gereji ile, lakini hakuna lililonikata kama hilo, maana lilikuwa kweli. Nilisikia kaka anashusha pumzi. Baba akaivua kamba ya ufunguo shingoni, na kaka akanyoosha mkono, akasahau kwamba baba hauoni.

"Plagi," baba akaita. Hajawahi kuniita hivyo. "Uko wapi?"

"Niko hapa."

"Shika." Ufunguo ulikuwa na joto la kifua chake. "Ufundi unafundishika. Lakini mtu anayejua breki haishiki, akanyamaza ili ndugu yake aanguke, huyo simwachii pikipiki za watu. Huyo nitamfundisha nini?"

Kaka alikunja kitambaa chake vizuri, akakiweka juu ya jiliwa, akachukua kofia yake, akaondoka kwa miguu. Sikumwita. Hata leo sijamwita, na sijutii, ingawa jiliwa lile silitumii bila kumkumbuka.

"Na mimi je?" Mkate akauliza. "Nani ataniomba radhi mimi?"

"Nenda kauze mikate yako, bwana," nikamwambia. "Haitachemka."

Nilizikusanya ndimi zote nikazirundika karibu na kiti cha baba kama alivyoagiza, na uwanja ukarudi kuwa tope. Jioni akataka kwenda chooni. Alisimama pale mwanzo wa njia isiyokuwepo, akanyoosha mkono pembeni bila kuniita. Nikaja, nikaushika.

"Unanivuta," akasema. "Mimi si mbuzi."

"Haraka ya nini, baba," nikasema, nikapunguza mwendo.

Katikati ya tope akasimama. Akaukamata mkono wangu, akauning'iniza kama ulimi, akaweka ukingo wa kiganja chake karibu na kiwiko. "Ulimi ukiishia hapa?"

"Unaziba."

Akapandisha kiganja kuelekea begani. "Hapa?"

"Fupisha, baba."

Akapandisha tena, polepole, akasimama. "Hapa?"

"Hapo."

Akapapasa kipande cha mkono kilichobaki juu ya kiganja, akakipima kwa vidole, akarudia kukipima. "Herufi hazitaenea," akasema.

"Basi usiandike."

"Sasa watu watajuaje imetoka kwetu?"

"Watajua," nikamwambia. "Haitachemka."

Akaguna, akanishika vizuri, akaniambia nitazame mbele na nisimvute.